Uhai, Anga na Elimu: Uhalali wa Hatari katika Urubani wa Utafiti

Rubani wa utafiti hurusha ndege ili jambo lisilojulikana lipate kujulikana. Hapeleki abiria wala mizigo, na hapigani vita. Kwa baadhi yao ndege yenyewe ndiyo inayoulizwa: itafanya nini mwendo ukipunguzwa mpaka karibu na kuanguka, mabawa yatatikisika vipi inapokaribia kasi ya sauti, itaongozeka au haitaongozeka injini moja ikizimwa makusudi. Hawa ndio marubani wa majaribio. Wengine hutumia ndege iliyokwisha kuthibitishwa kupeleka vipimo mahali pasipofikika kwa urahisi, kama vile ndani ya kimbunga, katika moshi wa misitu inayoungua, au kwenye hewa nyembamba ya kilomita 20 juu ya ardhi. Kazi hizo mbili zinatofautiana kwa mengi, lakini zote zina suala moja ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameligusa kwa uchache kuliko linavyostahili: je, ni halali mtu mwenye akili timamu kuuweka uhai wake hatarini ili elimu iongezeke?

Ugumu wa suala hili unatokana na mahali linapokaa. Mzimamoto anayeingia katika nyumba inayowaka anamwendea mtu anayelia ndani. Askari, awe sahihi au asiwe sahihi, ana amri na ana nchi. Mpanda milima anafuata furaha yake mwenyewe na hamdai yeyote shukrani. Rubani wa utafiti hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Watu watakaonufaika na safari yake hawajulikani kwa majina, pengine hawajazaliwa, na pengine hakutakuwa na faida yoyote, kwa sababu utafiti wa kweli ni ule ambao jibu lake halijulikani kabla. Anatoa kitu cha hakika kwa ajili ya kitu cha kubahatisha.

Si kazi ya watu wanaopenda vishindo, ingawa sinema zimewachora hivyo. Maandalizi yake ni marefu na ya kitabu. Neil Armstrong, kabla ya kuwa mwanaanga, alimaliza shahada ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1955, akaajiriwa kama rubani wa utafiti na NACA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1915 na kugeuzwa kuwa NASA mwaka 1958, na hatimaye akairusha ndege ya roketi X-15 mara 7. Wengi hupitia shule maalumu. Ya kwanza ya aina yake ilianzishwa Uingereza mwaka 1943 huko Boscombe Down, na nyingine zipo Edwards na Patuxent River nchini Marekani, na Istres nchini Ufaransa. Humo mwanafunzi hufundishwa hesabu za mtiririko wa hewa, na hufundishwa pia namna ya kuandika ripoti isiyoongeza wala kupunguza. Kipimo kinachotumika mpaka leo kutathmini namna ndege inavyoongozeka, cha daraja 1 hadi 10, kilikamilishwa mwaka 1969 na George Cooper, rubani wa utafiti wa NASA, pamoja na Robert Harper. Kipimo hicho humtaka rubani aseme kwa daraja moja ni juhudi kiasi gani ilimbidi kutumia ili ndege ifanye alichotaka. Hisia za mikono ya mtu zikawa takwimu inayoweza kulinganishwa na ya mwenzake.

Hamu ya kujua kwa kuruka ni ya zamani kuliko injini. Katika karne ya 9 Abbas ibn Firnas wa Andalusia alijivika mabawa, akaelea kwa kitambo, akaumia mgongo alipotua. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anaeleza sababu: hakuzingatia kwamba ndege wa kawaida hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujitengenezea. Takriban miaka mia moja na kitu baadaye al-Jawhari, mwanaisimu mkubwa aliyetunga kamusi ya Kiarabu iitwayo al-Sihah, alipanda juu ya paa la msikiti mjini Nishapur akiwa na mabawa ya mbao, akaruka, akafa. Wote wawili walijihatarisha. Jaribio la kwanza, hata hivyo, liliacha fundisho kuhusu mkia, na la pili liliacha masikitiko tu. Mtu anaweza kusema tofauti hiyo ni ya bahati. Ukweli ni kwamba inagusa kiini cha mambo: hatari inayochukuliwa kwa jina la elimu ina wajibu wa kupangwa kwa namna ambayo elimu itabaki hata mwenye kuitafuta asiporudi.

Wajibu huo ulichukuliwa kwa uzito mkubwa huko Farnborough, Uingereza, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Edward Busk, mhandisi kutoka Cambridge, alijifunza urubani ili apime mwenyewe nadharia za uthabiti wa ndege. Kazi yake ilisaidia kupatikana kwa ndege iliyoweza kushika njia yake bila kusumbuliwa na kila upepo. Tarehe 5 Novemba 1914 ndege yake iliwaka moto angani, naye akafa. Mwanafizikia Frederick Lindemann wa hapohapo naye alijifunza urubani, kisha mwaka 1917 akaiingiza ndege kwa makusudi katika anguko la kuzunguka, lililokuwa likiua marubani wengi, ili kuthibitisha namna ya kujinasua. Akarudi salama. Tarehe 8 Mei 1918 kijana mwanahisabati David Pinsent, aliyekuwa akifanya vipimo ndani ya ndege ya majaribio, alikufa ndege hiyo ilipovunjika angani. Kifo hicho kiligusa falsafa moja kwa moja. Rafiki yake mpenzi alikuwa Ludwig Wittgenstein, aliyewahi kusomea uhandisi wa ndege Manchester kabla ya kuhamia katika mantiki, na kitabu chake Tractatus Logico-Philosophicus, kilichotoka kwanza mwaka 1921, kimetolewa kwa kumbukumbu ya Pinsent.

Busk na Lindemann walifanya jambo ambalo maadili ya utafiti yalikuja kulitambua rasmi baada ya miaka thelathini. Wenye swali ndio walioingia hatarini. Mwaka 1947 majaji waliowahukumu madaktari wa Kinazi huko Nuremberg waliandika kanuni kumi za majaribio yanayofanywa juu ya wanadamu. Kanuni ya tano inapinga jaribio lolote ambalo tangu mwanzo kuna sababu ya kuamini litaleta kifo au ulemavu, lakini inaacha mlango mdogo: pengine isipokuwa pale madaktari watafiti wenyewe wanapojitoa kuwa wa kujaribiwa. Mwanafalsafa Hans Jonas aliuendeleza msimamo wa jinsi hiyo mwaka 1969. Kwa maoni yake, wa kwanza kuombwa kujitolea wawe wale wanaolielewa lengo la utafiti kwa undani na kulifanya lao, na kadiri mtu anavyokuwa mbali na uelewa huo ndivyo asivyofaa kuguswa. Kwa kipimo cha Jonas, rubani mwenye shahada ya uhandisi, aliyeshiriki kupanga safari na atakayeandika ripoti, ni karibu mfano kamili wa mtu anayestahili kuhatarishwa. Askari kijana anayeamriwa kukaa kiti cha nyuma bila kuelezwa chochote ni kinyume chake.

Lakini je, mtu anaweza kutoa ruhusa juu ya kitu kisicho chake? Hapa ndipo dini zinapotofautiana na falsafa ya uhuru. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru, aliushikilia msimamo kwamba mtu ndiye mwenye mamlaka juu ya mwili na akili yake, na kwamba jamii haina haki ya kumzuia maadamu hamdhuru mwingine. Ukifuata njia hiyo, suala la rubani wa utafiti linakwisha mara tu anapotia saini. Mafundisho ya Kiislamu na ya Kikristo yanakataa kulimaliza mapema hivyo, kwa kuwa uhai ni amana. Papa Pius XII, akizungumza na wataalamu wa tiba tarehe 14 Septemba 1952, alieleza kwamba binadamu ni mtumiaji wa mwili wake, si mmiliki wake, na kwa hiyo hana ruhusa isiyo na mipaka ya kuutoa kwa majaribio. Aliongeza kwamba mpaka huohuo unamhusu daktari anayejijaribia mwenyewe. Mlango ulioachwa wazi Nuremberg ulifungwa nusu huko Roma.

Katika Uislamu kuhifadhi nafsi ni moja ya makusudio makuu matano ya sheria, pamoja na kuhifadhi dini, akili, nasaba na mali. Aya ya 195 ya Sura ya al-Baqara hutajwa mara nyingi dhidi ya kila anayejiingiza hatarini, kwa kuwa inakataza mja kujiangamiza. Lakini historia ya ufahamu wa aya hiyo ina somo ambalo wengi hulisahau. Abu Ayyub al-Ansari, sahaba wa Mtume, alikuwapo katika vita karibu na Konstantinopoli pale mtu mmoja alipowavamia maadui peke yake na watu wakapiga kelele kwamba anajiangamiza. Abu Ayyub aliwasahihisha: aya ilishuka kuhusu wale waliotaka kukaa nyumbani kushughulikia mali zao na kuacha wajibu. Kwa maelezo yake, maangamizi yalikuwa katika kujitoa kwenye wajibu, na kujitosa si lazima kuwe maangamizi. Hili halihalalishi kila ujasiri. Linahamisha swali kutoka kwenye ukubwa wa hatari hadi kwenye uzito wa wajibu unaoidai hatari hiyo.

Na je, elimu ya anga ni wajibu? Mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aliihesabu tiba na hesabu miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, yaani zile ambazo jamii ikizikosa yote inabeba dhambi, na wachache wakizisimamia wengine wamesalimika. Sababu yake ni haja ya watu: miili haiishi bila tiba, wala biashara na mirathi bila hesabu. Kwa hoja hiyohiyo, elimu inayoonya mji kuhusu kimbunga siku mbili kabla, au inayozuia ndege ya abiria isivunjike, ina nafasi yake katika fardhi kifaya. Rubani wa utafiti anapobeba fardhi ya wote, hatari yake inaacha kuwa jambo la faragha kati yake na saini yake. Waliobaki chini wana deni kwake, na deni la kwanza ni kuhakikisha kwamba wanachomtuma kukitafuta kinastahili.

Namna ya kupima ustahili huo inaonekana vizuri zaidi ikiwekwa mifano miwili pamoja. Tarehe 27 Julai 1943 Kanali Joseph Duckworth wa jeshi la Marekani aliingia na ndege ndogo ya mafunzo, aina ya AT-6, katika kimbunga kilichokuwa kikikaribia Galveston, Texas. Inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa kutaniwa na marubani wenzake wa Uingereza kuhusu uimara wa ndege zake. Akafika katika jicho la kimbunga, akarudi, kisha akaingia tena siku hiyohiyo akiwa na mtaalamu wa hali ya hewa. Kutokana na safari hiyo ulizaliwa utaratibu wa kuingia vimbunga kwa ndege ambao umeokoa maisha ya watu wengi mno wa Karibi na Ghuba ya Meksiko. Matokeo yalikuwa mema. Nia ya safari ile ya kwanza, hata hivyo, ilikuwa ubishi, na tendo halitakaswi kwa kurudi nyuma na faida ambayo mtendaji hakuikusudia. Mara ya pili, alipombeba mtaalamu aliyekuja na maswali, ndipo utafiti ulipoanza.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1987. Miaka miwili kabla, wanasayansi wa Uingereza walikuwa wametangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika linapungua sana kila majira ya kuchipua ya kusini. Sababu ilibishaniwa. Wengine walisema ni klorini itokanayo na gesi za majokofu na makopo ya kupuliza, wengine wakasema ni mwendo wa upepo tu, na wengine mzunguko wa jua. Vipimo kutoka ardhini na kwenye setilaiti havikuweza kumaliza ubishi huo, kwa sababu ilibidi kupima gesi yenyewe mahali ilipo. Kutoka Punta Arenas, kusini mwa Chile, ndege ya NASA aina ya ER-2 ilipelekwa ndani ya eneo la upungufu huo, takriban kilomita 18 juu. Ni ndege ya injini moja na rubani mmoja, anayevaa vazi la kulinda mwili dhidi ya ukosefu wa hewa. Baridi ilikuwa kali kiasi cha kutia wasiwasi kuhusu mafuta, na chini hakukuwa na kiwanja wala kijiji. Vipimo vilionyesha kwamba penye oksidi ya klorini nyingi ozoni ilipotea, na grafu iliyojulikana zaidi inatokana na safari ya tarehe 16 Septemba 1987, siku ileile Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni ulipotiwa saini. Ushahidi huo ulisaidia kuukaza mkataba katika miaka iliyofuata. Hapa masharti yote yalitimia: swali lilikuwa la wanadamu wote, lilikuwa wazi, halikuwa na njia nyingine ya kujibiwa wakati ule, na aliyekwenda alijua anakwenda wapi.

Sharti la mwisho, la kujua, ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko mengine, tena na watu wema. Ridhaa ni ya kweli kwa kadiri ya habari aliyonayo mwenye kuridhia. Tarehe 3 Mei 1948 Howard Lilly alikuwa rubani wa kwanza wa NACA kufa kazini, pale sehemu za injini ya ndege yake ya Skystreak zilipovunjika mara baada ya kupaa na kukata mifumo ya uongozi. Hakuna aliyemficha kitu. Hatari ile haikuwa imeonekana bado, na kifo chake kiliifunua. Tukio la tarehe 19 Januari 1995 ni la namna nyingine. Ndege ya utafiti X-31 ilianguka California baada ya kifaa cha kupima mwendo kuziba kwa barafu na kuidanganya kompyuta iliyoongoza ndege. Rubani alikuwa amewasha kipasha joto akiamini kinafanya kazi. Kifaa kilichofungwa safari hiyo hakikuwa kimeunganishwa nacho. Habari hiyo ilikuwapo, katika karatasi na katika vichwa vya baadhi ya watu, ila haikuwa imefika kwenye kiti chake. Aliruka kwa mwavuli akaokoka. Kwa upande wa maadili, tukio hili ni zito kuliko lile la Lilly ingawa hakufa mtu, kwa kuwa alihatarishwa na jambo ambalo wenzake waliweza kumwambia. Mtu anayemtuma mwenzake hatarini akiwa na habari asiyoitoa, hata kwa kusahau, ameipunguza ridhaa yake bila yeye kujua.

Wapo pia wasioulizwa kabisa. Edmund Allen, mmoja wa marubani wa kwanza wa majaribio wa NACA na baadaye kiongozi wa idara ya majaribio ya kiwanda kikubwa cha ndege, alifariki tarehe 18 Februari 1943 akijaribu ndege mpya ya kivita mjini Seattle. Moto wa injini ulienea wakati akijaribu kurudi kiwanjani, na ndege ikaangukia kiwanda cha nyama. Watu wote 11 ndani ya ndege walikufa, na chini wakafa watu wapatao 20 waliokuwa kazini kwao. Allen na wenzake walikuwa wameridhia. Wachinjaji wa kiwandani hawakuwa wamesikia hata jina la ndege hiyo. Hapa Mill na wanazuoni wa dini wanakubaliana bila tabu: uhuru wa mtu kujihatarisha unakomea kwenye paa la jirani yake. Ndiyo maana majaribio makali ya Marekani yalihamishiwa zaidi katika jangwa la Mojave, penye bonde pana la ziwa lililokauka ambalo ndege inaweza kutua popote, na ndiyo maana uchaguzi wa uwanja wa majaribio ni uamuzi wa kimaadili hata kama huandikwa katika lugha ya uhandisi.

Kuna vifo ambavyo haviwezi kuingizwa katika hesabu ya elimu hata kidogo, na heshima kwa marehemu inataka hilo lisemwe. Joseph Walker alikuwa rubani mkuu wa utafiti wa NASA huko Edwards. Tarehe 22 Agosti 1963 aliipandisha X-15 hadi kilomita 107 na zaidi. Programu ya X-15 ilikuwa na safari 199 kati ya mwaka 1959 na 1968, ilitoa elimu nyingi sana kuhusu joto na uongozaji katika mwendo wa mara tano na zaidi ya kasi ya sauti, na ilimpoteza rubani mmoja, Michael Adams, tarehe 15 Novemba 1967. Walker hakufa katika programu hiyo. Alikufa tarehe 8 Juni 1966, ndege yake ilipogongana na ndege kubwa ya majaribio XB-70 walipokuwa wakiruka bega kwa bega ili zipigwe picha za matangazo kwa ajili ya kampuni ya injini. Carl Cross, rubani msaidizi wa XB-70, alikufa naye. Mtu aliyerudi salama kutoka mpaka wa anga alipotea kwa ajili ya picha. Jina lake likiorodheshwa pamoja na waliokufa wakitafuta elimu bila maelezo, waliomtuma siku ile wanapata sitara wasiyoistahili.

Afrika Mashariki ina kaburi lake la rubani mtafiti, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mwishoni mwa mwaka 1957 Michael Grzimek na baba yake Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walileta Serengeti ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Walitaka kuhesabu wanyama na kufuata njia zao za kuhama, ili ijulikane kama mipaka mipya iliyopendekezwa kwa hifadhi ingewafaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mbuga hiyo kuhesabiwa hivyo kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligonga tai, bawa likaharibika, na Michael, aliyekuwa na miaka 24, akafa. Filamu waliyoitengeneza kuhusu kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kazi yao ikaipa Serengeti jina duniani kote.

Kisa hiki kinafundisha kuhusu nguvu ya damu juu ya hoja. Hesabu yao ilitoa nyumbu takriban 99,000. Hesabu nyingine ya angani iliyofanyika mwaka 1961 ilipata zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watafiti walioichunguza waliona kwamba ya kwanza ilikuwa imewakosa wengi. Kifo cha mhesabuji hakikuiongezea hesabu yake usahihi, na hakuna ubaya kulisema hilo; Michael mwenyewe alikwenda angani kwa sababu alitaka idadi ya kweli. Jambo zito zaidi ni matumizi ya elimu hiyo. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwa uamuzi ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuufikia, na kitabu na filamu ya akina Grzimek vilitetea mbele ya dunia wazo la hifadhi isiyokaliwa na watu. Huzuni ya baba aliyempoteza mwanawe ilifanya iwe vigumu kwa watazamaji wa Ulaya kuuliza kuhusu waliopoteza malisho. Sadaka ya mtafiti inampa haki ya kusikilizwa kuhusu alichokiona. Haimpi yeye wala warithi wake haki ya kuamua nani aondoke.

Kazi ya kuhesabu iliendelea na kukomaa. Leo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania hupanda ndege ndogo zinazoruka chini kwa mistari iliyopimwa, na hesabu yao iliyotangazwa mwaka 2015 ndiyo iliyoonyesha kwamba tembo wa Tanzania wamepungua kutoka 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Ziwani nako, Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza ilifanya vipimo vya upepo na unyevu juu ya Ziwa Victoria ikitokea Entebbe, ili kuelewa dhoruba za usiku zinazowazamisha wavuvi. Katika safari za namna hii uwiano unaonekana kuwa wa haki zaidi, kwa kuwa wanaokaa karibu na hatari ndio wanaotazamiwa kunufaika na utabiri.

Mjadala umebadilishwa sasa na ndege zisizo na rubani. Kuanzia mwaka 2010 NASA ilituma ndege za Global Hawk juu ya vimbunga vya Atlantiki, zikikaa angani muda mrefu kuliko mwili wa rubani unavyovumilia, na mwaka 2014 vyombo vidogo vilidondoshwa kutoka ndege ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, vikaruka ndani ya kimbunga Edouard. Kwa msimamo wa amana, maendeleo haya yana hukumu yake. Sharti la ulazima lilitimia mwaka 1987 kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Njia nyingine ikipatikana na ikatosha, kumpeleka mtu kunaacha kuwa halali hata kama yeye mwenyewe ana hamu ya kwenda. Neno la kuzingatia ni kutosha. Tarehe 15 Septemba 1989 ndege ya NOAA iliingia kimbunga Hugo ikiwa takriban mita 450 tu juu ya bahari, injini moja ikawaka moto katika ukuta wa jicho, na wafanyakazi wake wakaokoka kwa kuzunguka ndani ya jicho huku wakipanda polepole, mpaka ndege ya pili, ya jeshi la anga, ikawatafutia upande wenye afueni wa kutokea. Uamuzi wa kuingia chini hivyo ulikuwa wa wanadamu na ulikuwa na kasoro. Uamuzi wa kutoka ulikuwa wa wanadamu pia, na hakuna programu ya wakati ule ambayo ingeufikia.

Upande wa uhandisi unabaki na sababu yake ya pekee. Ndege itakayobeba watu lazima ijulikane kwa mikono ya mtu kabla abiria hawajapanda, kwa kuwa kinachoulizwa ni kama binadamu aliyechoka, usiku, katika mvua, anaweza kuiongoza. Rubani Gary Krier aliporusha F-8 tarehe 25 Mei 1972, ndege ya kwanza iliyotegemea kompyuta ya kidijiti kuongoza mabawa yake bila nyaya za chuma za kuirudishia mikononi mwake, alikuwa mtu wa kwanza kupaa kwa mfumo ambao leo unatumika kwenye ndege nyingi za abiria. Jaribio la namna hiyo haliwezi kukabidhiwa mashine peke yake maadamu mashine inatengenezwa ili mtu aitumie. Kwa kila aina mpya ya ndege bado kuna safari ya kwanza, na katika safari hiyo wahandisi hueleza kila wanachokijua kuhusu kasoro za chombo chao, kisha rubani aliyewasikiliza huamua kama atapanda.